Uzi wenye Mafundo Matatu

Machi 3, Jumatatu

Kamera mpya imefika. Haina kile kioo cha ndani kinachoruka na kulia kila ukibonyeza, kwa hiyo inapiga kimya kimya, na jambo hilo limemkera Baba. Ameishika, ameigeuza, ameigonga kwa ukucha, kisha akauliza mtu aliyekaa kwenye kigoda atajuaje kwamba ameshapigwa picha. Nikamwambia atajua akiambiwa ainuke. Hakucheka.

Akachukua lenzi yake, ile ya miaka arobaini, akajaribu kuifunga. Wapi! Haikuingia. Lenzi za zamani zilitengenezewa kamera zenye kioo, zimezoea kukaa mbali kidogo na filamu. Hii mpya haina kioo, mdomo wake uko karibu mno na mpana mno. Inatakiwa pete ya kuziunganisha, adapta, ndipo lenzi ikae umbali uleule iliouzoea. Mimi nina lenzi moja iliyokuja na kamera, inajitafutia yenyewe ukali wa picha. Baba hawezi kuitumia hiyo.

"Umeleta kamera isiyonitaka," akasema.

Daftari hili lilikuwa la miadi ya wateja. Masika yakianza wateja hukauka, basi nitaandika mengine humu.

Machi 5, Jumatano

Niandike jinsi Baba anavyofanya kazi, maana wengine wakisimuliwa hudhani natia chumvi.

Ana presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinashikiliwa na dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kukosa. Anaona kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lina ukungu. Ukimpa kamera atazame kwenye kidirisha, haoni kitu. Lakini ana uzi. Ni uzi wa pamba, zamani ulikuwa mweupe, sasa una rangi ya chai. Una mafundo matatu: mita moja, moja na nusu, na mbili. Ncha moja anaifunga kwenye stendi ya kamera. Nyingine anaivuta mpaka kwenye nyusi za mteja, anatafuta fundo kwa vidole, anamsogeza mtu mbele au nyuma mpaka fundo limguse. Kisha anarudi na kuzungusha lenzi hadi alama aliyoichonga kwa kisu ubavuni mwake, alama moja kwa kila fundo. Anabonyeza. Picha inatoka kali hata kope unaweza kuzihesabu.

Watu hucheka uzi unapowagusa. Baba husubiri kicheko kianze kuisha, ndipo anabonyeza. Mimi nina cheti cha kazi hii na sijawahi kupata nyuso kama zake.

Lenzi za kisasa hazina alama, zinazunguka tu bila mwisho. Kwa hiyo bila pete, Baba hana kazi. Ndiyo hivyo.

Machi 8, Jumamosi

Tumekwenda kwa muuza vifaa vya picha, Baba amenishika mkono. Muuzaji ana maneno mengi kuliko bidhaa. Akatuwekea pete nne mezani.

Ya kwanza ina kipande cha kioo ndani. Akaisifia mpaka mate yakamruka. Baba akaingiza kidole, akagusa, akairudisha pale pale, akasema kuweka kioo cha ovyo nyuma ya kioo kizuri ni kumvalisha mtu miwani ya jirani. Ya pili ina vichuma vidogo vya umeme vya kuwasiliana na lenzi. Lenzi ya Baba haina umeme wowote, tungekuwa tunampigia simu mtu asiye na simu. Zikabaki mbili, za chuma kitupu, tundu tu katikati. Moja ni nzito, ya shaba, imewekwa kwa maonyesho. Ukiitaka inaagizwa, wiki tatu hadi tano kwa mvua hizi. Nyingine ni nyepesi, na za aina yake zimejaa tele kwenye boksi.

Baba akaziweka moja kila kiganja. Akazibana ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, akazungusha, akarudia tena. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa.

"Hii nyembamba," akasema, akiinua ile nyepesi.

Muuzaji akacheka. Akasema zote zina kipimo kimoja, ni uzito tu unamdanganya mzee, tena hii ndiyo nzuri, vitu vya mbali inavipata bila shida. Mimi nami nikacheka. Baba akataka tungoje ile nzito. Nikamkumbusha chuo cha uuguzi: wahitimu sitini na wanne, tarehe ishirini, na mkuu wa chuo kasema wazi anamtaka mzee mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyempiga picha yeye siku alipohitimu. Wiki tatu tunazitoa wapi? Akairudisha ile nzito mezani. Njiani akaniita Bi Haraka, jina langu la utotoni, ambalo sikulipenda hata wakati huo.

Nyumbani nikaijaribu pete. Nikakuza picha kwenye skrini, nikazungusha lenzi mpaka tangi la maji la jirani likaonekana kila msumari. Kisha uso wa Baba, kila unywele wa ndevu. Nikamwambia iko sawa. Akauliza lenzi ilikuwa kwenye alama ipi. Nikamjibu sikutazama alama, nilitazama picha.

Machi 11, Jumanne

Mvua imeanza. Tone la kwanza limedondoka juu ya kigoda cha wateja. Nimesogeza kigoda, nimetega beseni.

Machi 13, Alhamisi

Baba amepiga pasipoti tatu kwa uzi, taa zote zinawaka. Zimetoka. Moja naona nywele kali kidogo kuliko macho. Si kitu.

Machi 17, Jumatatu

Umeme unakatika ovyo. Beseni la pili.

Machi 20, Alhamisi

Nimechoka, miguu inawaka moto, lakini lazima niandike kwa sababu Baba anaimba huko chumbani.

Chuoni umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Taa zetu zikawa mapambo. Baba akapapasa ukutani mpaka akapata dirisha kubwa, akasimama mbele yake akapokea mwanga usoni, akasema unatosha ila atafungua lenzi yote. Lenzi ikifunguliwa yote inameza mwanga mwingi, lakini eneo linalotoka kali linakuwa finyu, upana wa kiganja. Ukikosea kidogo, umekosa. Baba anajua hilo kuliko mimi, ndiyo maana leo alivuta uzi mara mbili kwa kila mtu.

Watu sitini na wanne, toka saa mbili mpaka saa nane. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika majina na kupanga foleni. Skrini ya kamera tuliifunika kwa karatasi kama kawaida, Baba hapendi mteja ajichungulie. Wasichana wale walimpenda. Wakamwita babu, wakagombania kumshika mkono. Mmoja, uzi ulipomgusa tu, akapiga chafya. Akarudi kukaa, uzi ukamgusa, chafya tena. Ukumbi mzima ulicheka. Baba akambatiza jina la Chafya, akamsubiri, akabonyeza kabla tu ya chafya ya tatu. Sijamwona na furaha hii tangu Mama afariki.

Machi 21, Ijumaa

Nimefungua picha kwenye kompyuta.

Ya kwanza ukungu. Ya pili ukungu. Nikafuta skrini kwa kanga, nikadhani ni mafuta. Ya tatu, ya kumi, ya arobaini. Pazia nyuma yao linaonekana nyuzi zake zote, masikio yanaonekana na vipuli vyake, lakini macho, pua, midomo, vyote vimeyeyuka. Nimezifungua zote mpaka ya sitini na nne.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini taratibu, akauliza nini kinaonekana wazi. Nikamwambia pazia.

"Pazia kwa wote?"

Nikamwambia asinihoji kama polisi, kazi imeharibika. Akasema nitazame pete. Nikasema pete hiyo hiyo nimeitumia mimi na picha zangu zilitoka kali, mwenyewe akiwa kakaa mbele yangu. Akaomba nimpe kamera na futi akapime. Sikumpa. Nilimwambia akalale.

Mvua haijakata tangu jana. Nimemwaga mabeseni mara nne.

Machi 22, Jumamosi

Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe, mwavuli unachuruzika. Nikamwonyesha. Ni mwanamke mpole, alitazama tano au sita, akavua miwani akaanza kuifuta. Ningependa angefoka.

Baba akatoka chumba cha nyuma na uzi wake mkononi. Akaanza kumweleza kwamba uzi ulikuwa kamili, kwamba alipima mara mbili, kwamba kuna kitu katikati ya lenzi na kamera ambacho hakipo sawa. Aliongea akitazama pembeni ya yule mama, akimwelekea mahali ambapo hakuwepo. Damu ilinichemka kwa aibu. Nikasema hivi, naandika kama nilivyosema:

"Baba, umepofuka. Kubali. Unatuaibisha."

Akausokota uzi kwenye vidole viwili kama anavyofanya jioni kila siku, akautia mfukoni. Nikamwomba ufunguo wa studio. Akautoa kwenye kamba ya suruali, akauweka mezani, pembeni ya meza, ukaanguka. Mkuu wa chuo ndiye aliyeuokota.

Nimeahidi kupiga upya zote, mimi mwenyewe.

Machi 25, Jumanne

Nimepiga upya chuoni kwa lenzi yangu. Imejitafutia macho ya kila mtu, kwa muda wa saa mbili tu kazi imekwisha. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakukuwa na cha kuchekesha. Wawili hawakuwepo, wameshaondoka: mmoja kasafiri kwa mjomba wake, mwingine ni yule Chafya, kapangiwa zahanati ng'ambo ya mto. Mkuu akasema wawili si neno.

Machi 29, Jumamosi

Baba hajaja studio. Nilidhani atakuja kwa mazoea.

Aprili 2, Jumatano

Mvua.

Aprili 9, Jumatano

Mlango wa banda la kuku ulikuwa unapigwa na upepo wiki nzima. Leo nimekuta umefungwa. Umefungwa kwa uzi wa Baba, umezungushwa mara kadhaa kwenye msumari, mafundo yote matatu nje kwenye mvua. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kuku wanahitaji mlango.

Nilitaka kuufungua nikaona bora nisimbishie. Ana kichwa kigumu, akiamua kununa hununa kwa ukamilifu.

Aprili 18, Ijumaa

Niseme kweli, maana daftari hili halimsomei mtu. Studio imekuwa nyepesi. Hakuna wa kumwongoza chooni, hakuna wa kumsubiri apapase stendi. Wateja wanaingia na kutoka. Nimejikuta nikipiga mluzi. Halafu mzee mmoja akauliza fundi wa uzi yuko wapi, nikamjibu amestaafu, na mluzi ukaishia hapo.

Nyumbani anakaa kwenye kiti cha barazani, uso kaelekezea mvua. Nikimwuliza kitu anajibu. Nisipomwuliza, kimya mpaka jioni.

Aprili 24, Alhamisi

Nilikuwa natafuta mashuka. Kwenye droo yake nimekuta chupa za dawa ya macho. Tatu. Zote hazijafunguliwa hata kizibo.

Kila asubuhi nilikuwa nauliza kutoka jikoni, Baba umetia dawa? Naye anajibu ndiyo mama. Sikuwahi kutoka jikoni kutazama. Nilimwendea barazani na chupa mkononi, nikamuuliza ndio nini hiki.

"Za nini tena?" akasema. "Nilikuwa nazitia nipate kukuona unavyopanga watu. Sasa nitazame nini, kuku?"

Nilimtia matone pale pale, nusu yakamwagikia shavuni.

Aprili 26, Jumamosi

Hospitali. Daktari wa macho alimmulika, akamwambia afuate kidole, hakufuata. Akaniita pembeni. Anatofautisha mchana na usiku, basi, na hilo nalo halina dhamana. Akaniuliza kwa nini aliachiwa mwezi mzima bila dawa. Nikasema nilikuwa na kazi nyingi.

Mei 1, Alhamisi

Hajui vikombe viko wapi. Amevunja kimoja. Aliomba radhi kama mgeni.

Mei 6, Jumanne

Leo ameingia studio mama mmoja, viatu vimejaa tope mpaka vifundoni. Alisimama mlangoni, hakutaka kuchafua sakafu, na sakafu yenyewe ina mabeseni matatu. Akasema binti yake alihitimu uuguzi mwezi wa tatu na alipigwa picha nasi. Gari la zahanati ya ng'ambo ya mto, alilokuwa amepanda, lilisombwa na maji kwenye daraja, tarehe mbili. Wamempata tarehe nne. Hawana picha yake ya ukubwani, ya mwisho aliyonayo ni ya darasa la saba. Akataja namba iliyoandikwa kwenye risiti. Sikuhitaji namba. Alipotaja tu ng'ambo ya mto nilijua ni nani.

Nilimwambia arudi kesho kutwa. Nimefungua ile picha. Pazia, masikio, kipuli kimoja kimepinda. Uso umekunjamana kwa chafya inayokuja, na wote ni ukungu. Nimejaribu kila ninachokijua kwenye kompyuta na haukubali kunyooka.

Mei 7, Jumatano

Nimempelekea Miwani picha hiyo. Ni fundi wa kamera, tunamwita hivyo kwa sababu ana jozi mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Simpendi sana, ana dharau, lakini mtaa mzima hakuna anayejua kuliko yeye. Nilimwomba aning'arishie picha moja. Akaniambia nimpe kadi yote, atazame nyingine za siku ile apate kulinganisha.

Alizipitia zote. Nikasubiri anicheke. Akabadilisha miwani. Akarudi mwanzo, akazipitia tena, akizikuza masikio, masikio tu, moja baada ya nyingine. Akauliza nani kapiga. Nikasema Baba, haoni, nikamweleza uzi.

"Mtu asiyeona hukosea huku na huku," akasema. "Hizi zimekosea mahali pamoja. Zote sitini na nne zimepita nyuma ya macho kwa kipimo kile kile. Huyu hakukosea hata mara moja. Kuna kitu kimemkosesha. Lenzi mliifunga na nini?"

Nilikuwa na pete kwenye begi. Akaibana kwenye kipimo chake cha chuma cha kupimia unene, akaibana upande mwingine, akaandika tarakimu kwenye kiganja. Imepungua. Ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa unene wa karatasi mbili za daftari kama hili. Akasema wanazifanya hivyo makusudi, ili vitu vya mbali visikose kamwe na wateja wasilalamike. Anayetazama kwenye skrini hawezi kugundua, maana anazungusha mpaka aone. Lakini anayefuata alama za lenzi anadanganywa kila siku. Taa zikiwaka na tundu la lenzi likiwa limebanwa, kosa linajificha. Ukiifungua yote, linatoka.

Nikauliza je, mtu anaweza kujua kwa kushika tu mkononi. Akasema mtu wa kawaida hawezi.

Picha hakuweza kuing'arisha. Alisema niichapishe ndogo, ukungu utapungua.

Mei 8, Alhamisi

Kabla ya kufungua studio nilipima mwenyewe. Futi toka kamera mpaka kwenye boksi la chumvi, mita moja na nusu kamili. Lenzi kwenye alama ya fundo la pili. Boksi ukungu, ukuta wa nyuma kila ufa. Nikarudia mara tano, sijui nilikuwa natafuta nini.

Mama wa Chafya alikuja mchana. Nimemchapishia saizi ya kiganja. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nikaanza kumwomba radhi kwa ukungu, kwamba haikuwa kosa la mpigaji. Hakunisikiliza.

"Ndiye," akasema. "Alikuwa anataka kupiga chafya."

Mei 9, Ijumaa

Nimeagiza ile pete nzito. Muuzaji ananiuliza kama ile nyingine ina kasoro. Nikamwambia mzee alikwambia.

Mei 12, Jumatatu

Sijamwambia Baba. Najidai nasubiri pete ifike, nimwambie nikiwa na kitu mkononi. Uongo. Naogopa. Nimemtia matone, nimemkatia kucha, nimempikia vizuri siku tatu mfululizo mpaka akaniuliza kama nina mchumba.

Mei 19, Jumatatu

Mvua imepungua. Beseni moja tu, nalo nusu.

Mei 24, Jumamosi

Pete ilifika jana. Leo jua limetoka, la kwanza la maana. Nilimleta Baba studio nikimshika kiwiko, akapitia mlangoni akigusa kila kitu, akasimama mahali ambapo kigoda kilikuwa zamani. Nikamwambia kimehama kwa ajili ya kuvuja. Nikamkalisha, nikakaa mbele yake sakafuni, nikamwambia yote. Karatasi mbili za daftari. Maneno ya Miwani neno kwa neno. Chafya na mama yake. Nikamwambia nilikutukana mbele za watu kwa kosa langu, nimekuchukulia ufunguo, na macho yako yamekwisha kwa sababu yangu. Nililia, na sikujificha.

Hakunigusa wala hakunifokea. Alinyoosha kiganja. Nikamwekea pete mpya. Akaibana ukingo, akazungusha mara moja tu.

"Hii ndiyo."

Kisha akauliza uzi wake. Nikakimbia nyumbani, nikaufungua kwenye banda la kuku, umekauka, umekuwa mgumu na mweusi mweusi. Akaupapasa wote tangu mwanzo mpaka mwisho, mafundo yote matatu, akaufunga kwenye stendi mwenyewe. Akaniambia nikae. Taa zizimwe, lenzi ifunguliwe yote, kama siku ile ya chuo.

Aliuvuta mpaka kwenye nyusi zangu. Kidole chake kilikaa hapo muda mrefu kuliko alivyokuwa akiwafanyia wateja. Akarudi akihesabu hatua, akazungusha lenzi kwa ukucha mpaka alama ya pili. Alikuwa anasubiri nicheke na mimi sikuweza kucheka. Akabonyeza. Kamera hii haitoi sauti, kwa hiyo akauliza.

"Imetoka?"

Nikatazama skrini. Masikio yangu yalikuwa makali, hereni zote mbili. Macho yamefunikwa na ukungu.

"Imetoka, Baba."

"Nini kinaonekana wazi?"

"Macho."

Akapapasa stendi mpaka akaupata uzi.

"Uzi huu umelala nje masika yote, mama. Uzi wa pamba ukilowa ukakauka unafupika, basi umekuweka karibu mno. Macho hayawezi kuwa wazi. Sema kweli."

"Masikio," nikasema.

"Na pazia?"

"Pazia hapana."

"Basi umepungua vidole vinne hivi. Kapime."

Nikaleta futi. Toka stendi mpaka fundo la pili, mita moja na nusu ile, imepungua vidole vinne. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akauliza tena, sauti ya chini kabisa, kama mwezi wa tatu ulikuwa kamili. Nikamwambia ulikuwa kamili.

"Basi sikuwa mimi."

"Hukuwa wewe, Baba."

Akaufungua uzi kwenye stendi, akausokota kwenye vidole viwili, akanipa. Nikasema nitakata uzi mpya sasa hivi, tupige nyingine, mwanga bado upo. Akasema mwanga huo anausikia tu kama joto, nimrudishe barazani, na nikawafungie kuku mlango.

Nimewafungia.